Namna ya Kumlea Msanii Mgeni Usukumani

Habari ikifika kwamba msanii kutoka Ulaya anakuja kukaa kwenu wiki sita, msikimbilie kuchinja mbuzi. Mtafuteni kwanza aliyeandika barua ya mwaliko. Mara nyingi barua hiyo imeandikwa mbali, jina la kijiji chenu likapachikwa humo bila hata mwenyekiti wa kitongoji kuulizwa. Mkishampata, mwombeni bajeti. Msikubali muhtasari wa ukurasa mmoja. Mnataka bajeti yenyewe. Nauli ya ndege ni kiasi gani, posho ya mgeni kwa siku ni kiasi gani, na ule mstari ulioandikwa "jamii" umetengewa nini? Anayekuja kubadilishana utamaduni nanyi hapaswi kuona haya kuonyesha hesabu. Akiona haya, mmeshajua anakuja kufanya nini, na mbuzi wenu amepona.

Mwongozo huu nawaandikia wenyeji: manju na wacheza ngoma, walimu wa sanaa, wapiga picha wa Kahama na Katoro, wachoraji wa mabango wa Shinyanga mjini, mama wenye gesti, watendaji wa vijiji. Msanii mgeni hupanda ndege akiwa ameshapewa semina ya namna ya kuishi nanyi, kadi ya chanjo, bima, na namba ya simu ya kupiga akipata shida. Ninyi mnapewa mgeni. Nami nasema kumpokea ni kazi ya ujuzi, ina kanuni zake, na watu wa Usukumani wanazijua kuliko wanavyodhani.

Ukaazi wa msanii si jambo gumu kulieleza. Mtu anapewa chumba, posho na muda, anaacha shughuli za kwao, anakwenda kufanya kazi yake kati ya watu wengine. Ukanda wetu una sehemu zilizolijengea jambo hili heshima: Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza 2008, 32° East ya Kampala, na kituo cha Picha kule Lubumbashi. Lakini ramani ya programu hizi imeacha pengo kubwa kuanzia Shinyanga hadi Geita. Anayefika huku hufika kwa sababu ya almasi, dhahabu au habari ya kutisha, na hukaa muda wa kutosha kujaza kadi ya kamera. Tukitaka pengo hilo lizibwe vizuri, tusisubiri watu wa mbali watupangie. Tupange wenyewe, tena kwa masharti yetu.

Mleteni Juni

Waandaaji wa nje hupenda kupanga tarehe kwa kufuata mwaka wao wa bajeti. Mkiwaachia, mgeni atashuka Desemba, mvua inanyesha, Usukumani nzima iko shambani, kisha ataandika kwenye ripoti kwamba jamii haikujitokeza. Jamii ilikuwa inapalilia. Kataeni tarehe hiyo. Aje Juni, mtama umeshavunwa, pamba inauzwa, watu wana chochote mfukoni na nafasi ya kucheza. Huo ndio msimu wa ngoma. Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza, sikukuu ya Bulabo huchezwa mwezi huo, na mgeni anayetaka kuelewa lolote kuhusu sanaa ya Wasukuma aanzie hapo, kabla hajafungua kisanduku chake cha rangi.

Akishindwa Juni, ikawa ni lazima aje wakati wa kilimo, basi alime. Namaanisha alime, mpaka mikono ipate malengelenge. Bugobogobo ni ngoma ya jembe: vijana wamejipanga mstari mmoja shambani, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, ngoma inapigwa pembeni, manju anaimba. Aliyeiona jukwaani tu, majembe yakirushwa juu na kudakwa, ameona sarakasi safi. Aliyelima nayo asubuhi moja anajua kwa nini mdundo umekaa pale ulipokaa, kwa sababu mgongo wake umemweleza. Baada ya hapo anaweza kuchora, kupiga picha au kutunga anachotaka, na nitakwenda kukitazama.

Malazi msiyahangaikie sana. Alale kwa familia, angalau nusu ya muda wake, na familia ilipwe kiasi kile kile ambacho gesti ingelipwa. Ale matobolwa na chai asubuhi, ugali wa mtama na nsansa mchana. Afundishwe kusema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" jua likishapinda, na ainame kidogo anapowasalimia wazee. Apelekwe kwa mwenyekiti na kwa sungusungu siku ile ile ya kufika. Sungusungu walizaliwa ukanda huu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanaujua kila uso usio wa kijiji, na ni afadhali mgeni ajulishwe kwao mchana kuliko akutwe nao usiku.

Mpangieni mpinzani

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ndipo penye kiini.

Programu nyingi humleta msanii mmoja na kumweka katikati ya watu. Watu wanamtazama yeye, yeye anawatazama wao, mwisho anafungua maonyesho kwao Ulaya na wenyeji wanatajwa kwenye karatasi ya shukrani. Hilo wanaliita kubadilishana. Usukumani tuna utaratibu mkongwe zaidi, na kwa maoni yangu ni bora zaidi.

Wacheza ngoma wa Kisukuma wako pande mbili, Bagika na Bagalu. Masimulizi yanaurudisha mgawanyiko huo kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu zaidi. Badala ya kumalizana kwa maneno waliitisha ngoma, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. Pande hizi zikikutana hazichezi kwa zamu. Zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, moja huku na nyingine kule, na mtazamaji yuko huru kwenda anakotaka. Hakuna jopo la majaji mezani na karatasi za alama. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi.

Ukisimama katikati ya uwanja siku hiyo unaelewa kitu ambacho semina haiwezi kukufundisha. Upande wa kulia ngoma zinakolea, Bayeye, wacheza na nyoka, wanamtoa chatu sandukuni, mtu mmoja amejiviringishia shingoni, umati unakimbilia huko na vumbi lake, watoto wako mabegani mwa baba zao. Hujakaa sawa, kushoto pamezuka sanamu la mbao lenye mikono inayochezeshwa, linainamia akina mama na kuwasalimia, kicheko kinalipuka, na ule umati wote unageuka na kuhama. Ukimwangalia yule manju aliyeachwa, utaona anahesabu watu wanaoondoka. Hasubiri. Anakata wimbo katikati, anaanza mwingine, anamtaja mtu anayemjua kwenye umati, anatunga papo hapo. Watu watano wanarudi, kisha ishirini. Sijaona shule ya sanaa yenye mtihani mkali kuliko huo.

Mwekeni msanii mgeni ndani ya utaratibu huo. Akija mpiga picha kutoka Oslo, mtafutieni mpinzani: yule kijana wa Kahama anayepiga picha za harusi, za maiti na za pasipoti, anayejua nyuso za wilaya nzima. Wote wawili wapewe wiki zile zile, vifaa vya thamani ile ile na posho ile ile. Nasisitiza posho ile ile, maana hapo ndipo waandaaji wengi hukohoa. Watasema mgeni ana gharama za maisha za kwao. Wajibuni kwamba kwa wiki hizo sita wote wawili wanaishi Kahama, wananunua nyanya soko moja.

Siku ya mwisho waonyeshe kazi zao pamoja, uwanja wa mpira, mmoja golini huku na mwingine golini kule, muziki ukipigwa pande zote mbili. Watu wa Kahama waende wanakotaka. Siku hiyo sasa chinjeni mbuzi, tena wawili, kila upande wake. Mgeni ambaye picha zake zimebaki na mlinzi na watoto watatu amepata tathmini ambayo hakuna mhakiki wa jarida angempa. Akiwa msanii kweli, atavuka uwanja kwenda kuuliza mwenzake amefanyaje. Mazungumzo hayo, wawili wamesimama mbele ya picha zinazopendwa, mmoja anauliza na mwingine anaeleza, ndiyo kubadilishana utamaduni.

Nimeshasikia hoja kwamba mashindano yanaua ushirikiano, kwamba lugha ya siku hizi ni kolabo. Kolabo ni nzuri. Lakini kolabo kati ya mwenye bajeti na asiye nayo huishia mmoja kuwa msanii na mwingine kuwa mkalimani, dereva na mbeba taa. Upinzani unawapa wote wawili cheo kimoja. Na Bagika na Bagalu ni majirani, mashemeji, watu wanaozikana.

Machimboni, wiki ya tatu

Atataka kwenda machimboni. Wote wanataka. Ataomba siku ya pili, kwa adabu, na atakuwa na picha kichwani tayari: shimo, tope, mtoto mwenye nyundo. Mwambieni wiki ya tatu.

Sababu ni ya kikazi. Nyarugusu au Rwamgasa, mgeni mwenye mkoba na kamera hudhaniwa mnunuzi wa dhahabu ya magendo au mtu aliyetumwa. Tangu Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, dhahabu inatakiwa iuzwe sokoni, na watu wa machimboni wana kila sababu ya kuwatilia shaka wanaozungukazunguka. Kwa hiyo njia ni ndefu, nayo ipitwe yote: mtendaji wa kijiji, ofisi ya madini, mwenye leseni, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, na wachimbaji wenyewe. Hao wa mwisho ndio husahaulika. Mwenye leseni anaweza kukubali kwa furaha, akapigiwa picha yeye na gari lake, huku aliyeko mita hamsini chini ya ardhi hajui kwamba uso wake umeshagawiwa.

Siku ya kwanza kamera ibaki nyumbani. Akae mwaloni, pale inapooshwa dhahabu, atazame kazi. Karasha inasaga mawe mpaka yawe unga. Unga unachanganywa na maji, tope linamiminwa juu ya ubao ulioinama, umetandikwa gunia au blanketi, na dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi. Blanketi linakung'utwa ndani ya beseni. Mtu anamimina zebaki, mara nyingi kwa mkono mtupu, anapekecha taratibu mpaka chembe zote zimeshikamana, anakamua kwa kitambaa, linabaki donge dogo la rangi ya fedha. Donge linachomwa moto, zebaki inapaa kuwa moshi, na pale kwenye kikaango au koleo inabaki dhahabu, njano.

Moyo wa mgeni utatekwa na dakika ile ya moshi. Ni dakika nzuri kutazama, sikatai. Lakini moshi huo ni sumu kwa anayechoma, kwa mtoto aliyeketi karibu, na kwa mgeni mwenyewe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020 kwa sababu hiyo. Basi kanuni iandikwe kwa herufi kubwa: msanii asimwombe mtu yeyote achome mara ya pili ili apate picha nzuri zaidi. Anayeomba hivyo afungiwe mizigo yake siku hiyo hiyo.

Malipo nayo yaeleweke. Yule mama anayeponda mawe chini ya mwavuli uliochanika yuko kazini. Akisimamishwa nusu siku ili achorwe, amepoteza nusu siku. Muulizeni yeye, kwa Kisukuma au Kiswahili, nusu siku kwake ni shilingi ngapi, na kiasi hicho kilipwe mkononi kabla penseli haijagusa karatasi. Kipande cha sabuni na soda si malipo. Kwenye duara watu hugawana mawe kwa mifuko na mgao unafahamika, mwenye duara chake, wachimbaji chao, anayetoa chakula chake. Nashangaa kila ninapoona watu wa maduara wana hesabu ya wazi ya nani anapata nini, halafu mradi wa sanaa unaotoka nchi zenye wahasibu wengi hauna.

Atataka pia kuondoka na jiwe. Kwa ajili ya maonyesho, atasema, jiwe dogo tu lenye mshipa. Mwelezeni kwamba madini hayatoki nchini bila kibali, hata kwa ajili ya sanaa. Na kama mna muda, mwelezeni habari za Mwadui, mgodi wa almasi kule Shinyanga. Mwaka 1947 John Williamson, mwenye mgodi ule, alimpa Princess Elizabeth wa Uingereza almasi ya waridi ya karati 54.5 iwe zawadi ya harusi. Ilipochongwa ilibaki karati 23.6, ikatengenezwa kipini cha kifuani, na dunia nzima imeiona. Ukanda huu umeshazoea vitu vyake vizuri kuonyeshwa mbali. Haturudii kwa jiwe la msanii.

Mgodi mkubwa wa Geita, ule unaofanya kazi tangu 2000, una picha zake za kutosha za malori makubwa. Akitaka jambo lenye uhai, akae na watu wa magwangala, yale mabaki ya mawe ambayo wananchi waliyapigania miaka mingi ili na wao wapate kuyachambua. Hapo pana tamthilia nzima, na wahusika wote wako hai wanaongea. Akitaka mandhari, mpelekeni Shinyanga kwenye ngitili. Miaka ya 1980 watu waliuita mkoa huo jangwa. Mradi wa HASHI, ulioanza 1986, ukaitia nguvu desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike, na miti ikarudi. Ni kazi ya mikono ya maelfu ya wakulima na wafugaji, na ninatamani kuiona imechorwa kwa rangi nyingi kuliko ninavyotamani kuona shimo jingine.

Visivyopigwa picha

Mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa tangu katikati ya miaka ya 2000, na kabla ya hapo na baada ya hapo bibi zetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Wapiga picha wengi walikuja. Wengine walisaidia. Wengine waliwapanga watoto mbele ya ukuta mweupe, wakapiga, wakaondoka. Jibu la mwenyeji kwa msanii anayekuja na wazo hilo liwe hapana, mpaka aje ameitwa na watu wenye ualbino wenyewe, kwa kazi waliyoipanga wao, na wao wakiwa na haki ya kuizuia. Hapa sina mzaha wala nafasi ya kujadiliana.

Wageni waliotangulia

Atakayeuliza kama inawezekana mgeni akaja akafanya vizuri, mpelekeni Bujora. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijifunza lugha, akaziingiza ngoma na nyimbo za Kisukuma kanisani wakati wamisionari wengi walikuwa bado wanazipiga vita, akajenga kanisa lenye umbo la nyumba ya mtemi, na mwaka 1968 makumbusho ya Wasukuma yakaanzishwa pale pale. Alikaa miaka mingi. Vitu vilivyokusanywa viko jirani na watu waliovitengeneza, mtoto wa shule wa Magu anaweza kwenda kuviona kwa daladala na kurudi kabla ya giza. Kwangu hicho ndicho kipimo.

Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine ya kurekodi, na Wasukuma wakamwimbia. Sauti hizo zimetunzwa Makhanda, Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954. Zimetunzwa vizuri, namshukuru. Ila zimetunzwa mbali na mjukuu wa mmoja wa waimbaji hao anayetaka kumsikia babu yake. Frank Gunderson, Mmarekani, alikuja kufanya utafiti wa nyimbo za wakulima katika miaka ya 1990, na mwaka 2010 akachapisha kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300 kwa Kisukuma na kwa tafsiri. Ni kazi iliyotukuka. Kwa kila atakayefuata njia hiyo nina ombi moja, kwamba pamoja na toleo la maktaba za vyuo vikuu litoke na toleo la bei ya gulio.

Na kuna filamu ya mapanki, yale mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa. Hubert Sauper, Mwaustria, aliitengeneza Mwanza kuhusu biashara ya sangara. Ilitoka 2004, ikapata tuzo Ulaya, ikawania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani na waandamanaji wakaingia barabarani Mwanza. Siamini kwamba msanii mgeni ana wajibu wa kutusifu. Sangara walikuwa wanakwenda Ulaya kweli, na waliobaki na mapanki walikuwepo kweli. Ninachokitaka ni ubishi ule ufanyike mapema. Kazi inayotuhusu ionyeshwe hapa kwanza, mhariri akiwa bado na mkasi mkononi, watu waseme hili siyo na hili ndiyo, na hili umeliacha. Mgeni hana lazima ya kukubali kila neno. Ana lazima ya kusikia. Kusubiri miaka miwili mpaka ubishi ufanywe kwa hotuba na mabango hakumsaidii yeye wala mvuvi.

Karatasi

Upesi, maana hii ni kazi ya asubuhi moja. Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi. Msanii anayetumbuiza anahitaji kibali cha BASATA, anayepiga filamu aende Bodi ya Filamu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ina sehemu inayolinda kazi za sanaa za jadi, kwa hiyo wimbo wa manju wenu hauwi wa mgeni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kinasa sauti. Manju atajwe kwa jina, na nyimbo alizozitunga yeye zisajiliwe kwa jina lake. Kopi ya kila kilichorekodiwa ibaki kijijini kwenye diski, nyingine shuleni, na ikabidhiwe kabla ya mgeni kupanda gari, maana ahadi ya kutuma baadaye ikishavuka daraja la Busisi haina mfuatiliaji. Mkataba uwe kwa Kiswahili, na usomwe kwa sauti mbele ya kikundi kizima.

Marudiano

Mpaka hapa nimesema habari za anayekuja. Ligi ina mzunguko wa pili, na programu isiyo nao msiisaini.

Kila mgeni mmoja anayekuja Kahama, mmoja wa Kahama aende kwao, kwa wiki zile zile sita. Yule mpiga picha wa harusi aende Oslo, apewe chumba, posho na mpinzani wa Kinorwe. Asipangiwe kwenda kuwaimbia watoto wa shule kuhusu simba. Apelekwe harusini, msibani, bandarini, kwa watu wanaofanya kazi za mikono, na wao waombwe ruhusa kwa adabu ile ile aliyoombwa mama wa mwaloni. Mwisho aonyeshe kazi yake uwanjani kwao, na watu wa Oslo waende wanakotaka. Nina imani kubwa sana na kijana huyo. Mtu aliyezoea kumfanya bibi harusi atabasamu jenereta likiwa limezima hawezi kushindwa na Wanorwe.

Lubumbashi, mji wa shaba unaoongea Kiswahili, umeonyesha kwamba watu wa migodini wanaweza kukaa kwenye kiti cha mwenyeji. Sammy Baloji alichukua picha za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni akaziunganisha na magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines, na yeye na wenzake wa Picha wakaanzisha Bienale ya Lubumbashi mwaka 2008. Tangu hapo wasanii wa dunia huenda huko kwa kualikwa na wana Lubumbashi wenyewe. Sioni kitu ambacho Geita inakikosa. Fedha inapita Geita kila siku. Ukumbi tunao, ni uwanja wa mpira. Wasanii tunao, na wamekuwa wakishindana tangu enzi za Ngika na Gumha.

Marudiano hukwama kwenye mambo madogo, kwa hiyo yaandikwe kwa tarakimu. Pasipoti ni shilingi 150,000, alipe mwandaaji. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa, alipe mwandaaji, na ikinyimwa alipe tena. Nauli ya kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya alama za vidole, na siku mbili za gesti huko, ziwemo. Taarifa ya benki inayoombwa ubalozini kijana wetu hana, kwa sababu fedha yake iko kwenye simu. Taasisi inayomwalika iandike barua ya kumdhamini, na iiandike mapema. Koti zito linunuliwe kabla hajaondoka. Mitumba ya Kahama ina makoti mazuri. Tarehe ya kuondoka kwake iandikwe kwenye mkataba ule ule, ukurasa ule ule na tarehe ya kufika mgeni, na kama ukurasa huo una tarehe moja tu, rudisheni karatasi bila saini.